Jinsi ya Kuandaa Takwimu za Uchakavu wa Bomba la Mafuta au Gesi Zinazowasilishwa Serikalini

Mwongozo huu unawahusu wahasibu na wahandisi wa kampuni zinazomiliki au kuendesha mabomba katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kuanzia bomba fupi linalopeleka dizeli kutoka gatini hadi kwenye ghala la mafuta, mpaka mabomba makubwa ya gesi yanayoanzia Madimba na Songo Songo. Mara nyingi barua ya mdhibiti inayodai takwimu za uchakavu, yaani gharama ya mali inavyogawanywa katika miaka ya matumizi yake, hujibiwa kwa jedwali la mistari sita lenye jina la mali, gharama, asilimia na kiasi cha mwaka. Jedwali la namna hiyo hurudishwa, na linastahili kurudishwa. Asilimia ni tokeo la mwisho la hesabu, ilhali mdhibiti anataka kuiona hesabu yenyewe: kila kundi la mali liligharimu kiasi gani, lilianza kazi mwaka gani, sehemu gani yake imekwisha kuondolewa, iliondolewa lini na kwa sababu gani. Kampuni ambayo haikuitunza historia hiyo haiwezi kuitetea asilimia yake hata kama asilimia hiyo ni sahihi.

Fahamu kwanza anayeuliza

Bomba moja huwa na uchakavu wa aina tatu, na hakuna ulazima wa tarakimu za aina hizo kufanana. Wa kwanza ni ule wa taarifa za fedha. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliingiza nchini viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha mwaka 2004, na kiwango kinachotawala jambo hili ni IAS 16. Iwapo bomba ni la shirika la umma, taarifa hizo hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Msajili wa Hazina naye huzihitaji.

Wa pili ni wa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tatu, huzigawa mali katika madaraja na kutoa kiwango cha punguzo kwa kila daraja. Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, haishughuliki na makadirio ya mhandisi wako kuhusu uhai wa chuma. Inashughulika na daraja ambalo mali imeangukia.

Wa tatu, ambao ndio kiini cha mwongozo huu, ni uchakavu unaoingia katika tozo ya usafirishaji. Chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, shughuli za mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji, zinadhibitiwa na mamlaka iitwayo PURA, na zile za mkondo wa kati na wa chini, yakiwemo mabomba ya kusafirisha na kusambaza, zinadhibitiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Tozo hujengwa kwa kujumlisha gharama za uendeshaji, uchakavu, faida inayoruhusiwa juu ya mtaji uliowekezwa, na kodi. Kwa hiyo shilingi moja ya uchakavu uliozidishwa hulipwa na mtumiaji wa bomba, awe kiwanda cha saruji, mtambo wa kufua umeme au mwenye kituo cha mafuta Masasi. Uchakavu uliopunguzwa nao humwacha mmiliki bila fedha ya kurejesha mtaji wake. Ndiyo maana mdhibiti huuliza kwa ukali zaidi kuliko mkaguzi wa hesabu.

Anayetaka kuona ombi la takwimu hizi likiwa limeandikwa kwa ukamilifu na aangalie Marekani. Huko, usimamizi wa nauli za mabomba ya mafuta yanayovuka majimbo ulihamishwa mwaka 1977 kutoka kwenye tume ya biashara baina ya majimbo kwenda kwenye tume ya udhibiti wa nishati inayojulikana kwa kifupi FERC. Kampuni ya bomba huwasilisha taarifa ya mwaka iitwayo Fomu Namba 6 ifikapo tarehe 18 Aprili, na ndani yake zimo kurasa za mali na za uchakavu uliolimbikizwa. Lakini inapoomba viwango vipya vya uchakavu, au inapotaka kubadili vya zamani kwa kuegemea muda ambao mali bado zinaweza kudumu, hutakiwa kujaza pia Fomu Namba 73, ambayo kazi yake ni moja tu, nayo ni kukusanya historia ya mali kwa ajili ya uchambuzi wa uchakavu. Tume pia inaweza kuidai fomu hiyo inapochunguza viwango vilivyomo vitabuni mwa kampuni. Fomu hiyo haina nguvu ya kisheria hapa kwetu, na masharti ya leseni yako pamoja na barua uliyoandikiwa ndiyo yanayokubana. Hata hivyo mpangilio wake ni mzuri, na mwenye takwimu zilizopangwa kwa namna hiyo hahitaji kuanza upya kila anapoulizwa na mamlaka tofauti.

Gawa bomba katika makundi

Kosa linaloharibu kazi yote ni kuliandika bomba kama mali moja. IAS 16 inataka kila sehemu yenye gharama kubwa ikilinganishwa na mali nzima, na yenye uhai tofauti, ichakazwe peke yake. Mfumo wa hesabu wa Marekani kwa mabomba ya mafuta umekwenda mbali zaidi: katika njia kuu, bomba lenyewe lina akaunti yake namba 153, viungo vyake vina 154, na kazi ya ujenzi, yaani kuchimba, kulaza, kuunganisha na kufukia, ina 155. Ardhi, haki ya njia, majengo, pampu, matangi, vyombo vya mawasiliano na magari navyo vina akaunti zake.

Kwa bomba la kwetu ningeshauri makundi yasiyopungua haya: ardhi iliyonunuliwa, haki ya mkuza (ukanda wa ardhi linamopita bomba), mabomba ya chuma pamoja na ulazaji wake, valvu na viungo, mfumo wa kinga ya kutu ya umeme, pampu au kompresa, mita na vituo vya kupimia, mfumo wa kusimamia bomba kwa mbali, matangi, majengo, na vifaa vya jumla kama magari na samani. Ukanda wa pwani una unyevu na chumvi, na kinga ya kutu hubadilishwa mara kadhaa kabla bomba lenyewe halijachoka. Kompyuta na vihisi vya mfumo wa usimamizi hupitwa na wakati mapema zaidi. Ukivichanganya vyote na chuma kwa kiwango kimoja, utakuwa umeandika kwamba kompyuta ya chumba cha udhibiti itadumu miaka arobaini.

Mkuza unahitaji uangalifu wa pekee katika mikoa hii. Sehemu kubwa ya gharama yake ni fidia ya mikorosho, minazi na mazao mengine yaliyokuwa njiani. Fidia hiyo ni ya kundi la mkuza, si ya kundi la chuma, kwa sababu chuma kikibadilishwa kesho mkuza utabaki uleule na hakuna atakayelipa fidia mara ya pili. Ardhi iliyonunuliwa moja kwa moja haichakazwi. Haki ya kupitisha bomba kwa miaka maalumu hugawanywa katika miaka hiyo.

Bomba likiwa limejengwa kwa mkataba wa bei moja ya jumla, gharama haitakuja ikiwa imegawanyika. Kaa na mhandisi, mfungue mchanganuo wa gharama za kazi ulioambatanishwa kwenye zabuni, mgawanye bei ya jumla kwa uwiano wa mchanganuo huo, kisha mwandike karatasi inayoeleza mlivyogawa, nyote wawili mkitia saini. Riba ya mkopo wa ujenzi nayo hugawanywa kwa uwiano huohuo, lakini ile tu ya kipindi cha ujenzi. Riba inayoendelea baada ya bomba kuwa tayari kwa kazi ni gharama ya mwaka husika na haipandishwi kwenye bei ya chuma.

Jambo dogo ambalo wakaguzi hulipenda sana ni mafuta yanayokaa ndani ya bomba daima ili liweze kufanya kazi, au kwa upande wa gesi, ile inayobaki ndani ili kulinda mgandamizo. Kiasi hicho si bidhaa ya kuuza. Kiandike kama sehemu ya mali za kudumu, na kwa kadiri kinavyoweza kutolewa na kuuzwa siku bomba litakapofungwa, hakichakazwi.

Mstari wa rejista

Kila mstari wa rejista ya mali unapaswa kubeba kundi, mahali halisi, mwaka wa kuanza kazi, mwaka wa tukio, aina ya tukio, kiasi cha fedha na namba ya hati inayothibitisha. Miaka hiyo miwili ndiyo moyo wa takwimu hizi. Mwaka wa kuanza kazi haubadiliki maisha yote ya mali. Mwaka wa tukio ni ule ambao jambo fulani liliipata mali hiyo, iwe ni kuongezwa, kuondolewa, kuhamishwa au kurekebishwa. Mwaka wa kuanza kazi ni ule bomba lilipokuwa tayari kutumika, hata kama ankara ya mwisho ya mkandarasi ililipwa miaka miwili baadaye, na hata kama hafla ya uzinduzi ilifanyika mwaka mwingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ina bomba la chuma la kilomita 6 kutoka gatini hadi kwenye matangi yake Mtwara mjini, lililoanza kazi Januari 2008 kwa gharama ya shilingi milioni 2,400. Januari 2019 kipande cha mita 500 kilichopita kwenye bonde lenye maji kiliondolewa kwa sababu ya kutu, kikawekwa kipya kwa shilingi milioni 450. Rejista iliyo sahihi itakuwa na mistari mitatu (2+300 maana yake ni kilomita 2 na mita 300 kutoka mwanzo wa bomba):

Mabomba ya chuma, km 0+000 hadi 6+000, kuanza kazi 2008, tukio 2008, kuongezwa, milioni 2,400.
Mabomba ya chuma, km 2+300 hadi 2+800, kuanza kazi 2008, tukio 2019, kuondolewa kwa kutu, milioni 200.
Mabomba ya chuma, km 2+300 hadi 2+800, kuanza kazi 2019, tukio 2019, kuongezwa, milioni 450.

Milioni 200 zimepatikana kwa kugawa gharama ya mwaka 2008 kwa urefu, mita 500 kati ya 6,000. Ni gharama ya 2008 inayotoka, si bei ya leo ya kipande kama kile. Iwapo kipande kilichong'olewa kilikuwa na kipenyo au unene tofauti na bomba lingine, mgawanyo kwa urefu hautoshi, na itabidi urudi kwenye mchanganuo wa zabuni.

Kinachoondolewa kiondolewe

Mstari wa pili katika mfano huo ndio unaokosekana katika rejista nyingi. Kipya huingizwa kwa haraka kwa sababu kina ankara na mkandarasi anadai malipo. Cha zamani hakina anayekidai, kwa hiyo hubaki vitabuni kikiendelea kuchakaa huku chuma chenyewe kimekwisha kuuzwa kama chakavu.

Angalia matokeo yake. Tuseme uhai ni miaka 40, hakuna thamani ya mabaki (kinachotarajiwa kupatikana kwa mali mwisho wa uhai wake, baada ya kutoa gharama ya kuiondoa), na kiasi ni sawa kila mwaka, yaani asilimia 2.5. Salio sahihi baada ya ukarabati ni milioni 2,650 na uchakavu wake wa mwaka ni milioni 66.25. Mstari wa kuondolewa usipoandikwa, salio ni milioni 2,850 na uchakavu ni milioni 71.25. Tofauti ya milioni 5 kwa mwaka huonekana ndogo, lakini ikiachwa kwa miaka 29 iliyobaki hadi mwisho wa 2047 inafika milioni 145, na zote zimelipwa na watumiaji wa bomba kupitia tozo kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Mdhibiti akitembelea eneo akiwa na rejista mkononi na kuuliza kuhusu kilomita 2+300, jibu litakuwa gumu.

Namna ya kufunga hesabu ya kipande kilichoondolewa inatofautiana kwa mamlaka. Chini ya IAS 16, kipande kile kilikuwa kimechakaa kwa miaka 11, yaani milioni 55, hivyo milioni 145 zilizobaki ni hasara ya mwaka 2019, ikipunguzwa na fedha ya kuuza chuma chakavu. Katika mfumo wa Marekani mali huchakazwa kwa makundi, na kipande kinachoondolewa katika hali ya kawaida hutolewa chote, milioni 200, dhidi ya uchakavu uliolimbikizwa bila kuonyesha hasara, kwa dhana kwamba katika kundi vingine hufa mapema na vingine huchelewa. Mdhibiti wako anaweza kuagiza njia yake mwenyewe kwa ajili ya tozo. Wewe andika tukio mara moja katika rejista, kisha kila hesabu ilichukue kwa kanuni yake.

Weka pia safu mbili za ziada: gharama ya kung'oa na fedha iliyopatikana kwa kuuza masalio. Usizifiche ndani ya bei ya bomba jipya. Miaka mingi ikipita, safu hizo ndizo zitakazoonyesha kama thamani ya mabaki unayoidai ni ya kweli. Kwa bomba lililofukiwa ardhini, gharama ya kulitoa mara nyingi huzidi bei ya chuma, na thamani ya mabaki iliyo chini ya sifuri si kichekesho. Pale ambapo leseni au sheria inakulazimisha kuondoa bomba na kurejesha mazingira mwisho wa kazi, makadirio ya gharama hiyo hutengewa fungu chini ya IAS 37, kiwango kinachohusu mafungu ya namna hiyo, na kuongezwa kwenye gharama ya mali, kwa hiyo yaonyeshwe kama kundi linalojitegemea ili mdhibiti asidhani umeyadai mara mbili.

Sababu ya kuondolewa nayo iandikwe kwa maneno machache yaliyokubaliwa mapema: kutu, ajali, mafuriko, kuhamishwa kwa njia, uwezo mdogo, kupitwa na wakati. Kipande kilichohamishwa kwa ajili ya kupisha barabara hakituambii lolote kuhusu uhai wa chuma; kipande kilicholiwa na kutu kinatuambia mengi. Mchambuzi anapochora mikunjo ya mali zilizosalia kwa umri, kwa kutumia mikunjo ya Iowa, yaani michoro ya kawaida ya namna mali zinavyoondoka kadiri umri unavyokwenda, iliyobuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1930 au kwa njia nyingine, anahitaji kuvitenganisha viwili hivyo.

Uhai wa chuma na uhai wa biashara

Sasa ndipo unapoingia kwenye swali la miaka mingapi. Mhandisi atakupa uhai wa chuma kutokana na unene wa ukuta, hali ya kinga ya kutu na matokeo ya ukaguzi wa ndani ya bomba. Uhai huo unaweza kuwa mrefu sana. Bomba la TAZAMA kati ya Dar es Salaam na Ndola, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968 kwa kusafirisha mafuta ghafi, na katika miaka ya karibuni limegeuzwa kusafirisha dizeli.

Lakini bomba hufa pia kwa kukosa kitu cha kusafirisha, au kwa kukosa ruhusa ya kusafirisha. IAS 16 inataja mipaka ya kisheria kuwa mojawapo ya mambo ya kuzingatia katika kukadiria muda wa matumizi. Hapa Lindi mfano uko wazi: leseni ya uzalishaji ya Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25, ilhali bomba la kutoka kisiwani humo hadi Dar es Salaam lilianza kupeleka gesi mwaka 2004. Yeyote aliyekadiria uchakavu wa mali zinazotegemea gesi ile alilazimika kujibu kama anaamini leseni itaongezwa, na kwa ushahidi gani. Bomba kubwa la inchi 36 kutoka Madimba, lililozinduliwa mwaka 2015, lina hoja tofauti kidogo, kwa sababu linapokea gesi ya Mnazi Bay na pia, kupitia tawi la Somanga Fungu, ile ya Songo Songo. Uhai wake wa kibiashara haufungwi na kitalu kimoja.

Tarakimu hubadilika sana kutokana na jibu unalochagua. Turudi kwenye bomba letu la kubuni na tulisimamishe mwisho wa mwaka 2024. Bomba la 2008 lililosalia, milioni 2,200, limebaki na thamani ya vitabuni ya milioni 1,265, na kipande cha 2019 kimebaki na milioni 382.5, jumla milioni 1,647.5. Ikiwa haki ya mkuza inakwisha baada ya miaka 15 na hakuna kipengele cha kuiongeza, thamani hiyo inagawanywa kwa 15 na uchakavu unapanda kutoka milioni 66.25 hadi karibu milioni 109.8 kwa mwaka. Huo ni mjadala halali, lakini usiupeleke kwa EWURA bila nakala ya mkataba, takwimu za kiasi kilichosafirishwa kwa miaka iliyopita, makadirio ya kiasi kijacho na ramani ya njia. Kabla ya uamuzi wa tozo hufanyika taftishi, ambapo watumiaji hupewa nafasi ya kusema, na wao ndio watakaouliza kwa nini bomba ambalo juzi lilikuwa la miaka 40 leo ni la miaka 15.

Mabadiliko ya makadirio hayarudi nyuma. Viwango vya kimataifa vinataka uhai na thamani ya mabaki vipitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha, na tofauti ienezwe katika miaka ijayo. Anayerekebisha uchakavu wa miaka iliyopita kwa sababu tu amebadili maoni kuhusu uhai anafanya jambo ambalo mkaguzi atalikataa.

Kuna pia hoja ya bomba linalofanya kazi chini ya uwezo wake. Baadhi ya wasimamizi hudhani uchakavu unaweza kusimamishwa kwa mwaka ambao mzigo ulikuwa mdogo. Haiwezekani, ikiwa njia yako ni ya kiasi sawa kila mwaka: mali isiyotumika huendelea kuchakaa mpaka iondolewe vitabuni au itengwe kwa ajili ya kuuzwa. Ni njia ya kuchakaza kwa kiasi kilichosafirishwa pekee inayoweza kutoa sifuri pale ambapo hakuna kilichopita, na kuichagua njia hiyo kunahitaji sababu iliyo bora kuliko mwaka mmoja mbaya.

Daftari la kodi lisimame peke yake

Kwa upande wa kodi sitakaa sana. Jedwali la Tatu linaweka mitambo maalumu ya huduma za umma katika Daraja la 2, lenye asilimia 25 kwa njia ya salio linalopungua (asilimia ya kiasi kilichobaki kila mwaka), na majengo na miundo ya kudumu isiyo ya kilimo katika Daraja la 6, lenye asilimia 5 kwa kiasi sawa kila mwaka. Kipande chetu cha milioni 450 kingepata punguzo la milioni 112.5 mwaka wa kwanza na milioni 84.375 mwaka wa pili katika Daraja la 2, na milioni 22.5 kila mwaka katika Daraja la 6. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, usichague daraja kwa kuangalia walichofanya majirani. Andika barua kwa TRA, eleza mali ni nini na inafanya kazi gani, kisha hifadhi jibu pamoja na rejista. Ritani ya mwisho ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha, na kuuliza mwezi wa tano ni kuchelewa.

Tofauti kati ya uchakavu wa vitabuni na wa kodi huzaa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ambayo athari yake itaonekana katika malipo ya miaka ijayo. Mdhibiti wa tozo huiuliza, kwa hiyo jedwali linalolinganisha hesabu hizo mbili liwe tayari.

Sarafu, hati zilizopotea na maelezo

Chuma kingi hununuliwa kwa dola. Weka safu ya sarafu iliyolipwa na kiwango cha ubadilishaji cha siku ile, na gharama ya shilingi ibaki ilivyoandikwa siku ile. Shilingi ikishuka baadaye, hasara ya mkopo wa dola haipandishwi kwenye bei ya bomba lililokwisha kuanza kazi.

Hati za zamani hazipatikani kila mara. Mchwa wa pwani hauchagui kati ya gazeti na hati ya malipo, na kampuni zilizobadilisha wamiliki hupoteza majalada njiani. Gharama ya asili isipopatikana, tafuta bei ya kitu kinachofanana kwa mwaka unaoujua, irudishe nyuma kwa fahirisi ya bei inayokubalika hadi mwaka wa kuanza kazi, na uandike neno "makadirio" mbele ya mstari huo. Mdhibiti huvumilia makadirio yaliyotajwa kuwa makadirio. Asichovumilia ni tarakimu ya mviringo iliyovaa sura ya ankara. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inadai kumbukumbu zihifadhiwe kwa miaka mitano, na watu wengi huchukulia kwamba baada ya hapo wanaweza kuchoma. Kwa mali ya miaka arobaini muda huo hautoshi hata kidogo. Hati za mwaka wa kuanza kazi zitunzwe mpaka kipande cha mwisho cha kundi hilo kiondolewe, na nakala za kielektroniki zikae mahali pengine mbali na ofisi.

Kabla ya kutuma, fanya ulinganisho ufuatao kwa kila kundi: salio la mwanzo wa mwaka, jumlisha zilizoongezwa, toa zilizoondolewa, jumlisha au toa zilizohamishwa, upate salio la mwisho. Salio hilo lilingane na taarifa za fedha zilizokaguliwa hadi shilingi ya mwisho. Fanya vivyo hivyo kwa uchakavu uliolimbikizwa. Pale ambapo tozo hutumia kanuni tofauti, onyesha mstari wa tofauti na sababu yake, wala usilazimishe namba zikutane.

Mwisho ambatanisha maelezo ya kurasa tatu au nne yanayosema bomba linatoka wapi na linafika wapi, linasafirisha nini na kwa ajili ya nani, makundi yamegawanywaje, uhai wa kila kundi umekadiriwa na nani na kwa ushahidi gani, nini kimebadilika tangu taarifa iliyopita, na mabadiliko hayo yanaongeza au kupunguza uchakavu wa mwaka kwa kiasi gani. Maelezo hayo yasainiwe na mkuu wa fedha pamoja na mhandisi aliyethibitisha uhai wa mali, kwa sababu maswali yatakayorudi yatawahusu wote wawili. Yakirudi, yajibu kwa kutaja namba ya mstari katika rejista na namba ya hati yake. Marekebisho yakihitajika, yatume kama taarifa mpya yenye tarehe yake, na ile ya kwanza ibaki kwenye jalada ilivyokuwa.